Mwembe ulioangushwa usiuache ukae gogo

Msomaji wetu wa Muheza, mkoani Tanga, ameandika kwamba familia yao imelazimika kuuangusha mwembe dodo uliopandwa na babu yao, kwa kuwa ulikuwa umeinamia paa la nyumba na kila masika ulizidi kuwatia hofu. Shina lililobaki lina urefu wa mita mbili na upana wa sentimita 70 hivi, na juu yake ipo panda nene ya matawi mawili makubwa. Ndugu zake ni saba, naye angependa kila mmoja apate bakuli lililokerezwa kutokana na mti huo, kwa kutumia kerezo la umeme, yaani mashine inayozungusha mbao ili ichongwe, lililo katika karakana ya rafiki yake. Fundi seremala wa jirani amemshauri aliache shina kivulini mwaka mzima likauke kwanza. Anauliza kama mwembe unafaa kwa kazi hiyo, kama ushauri wa fundi ni sahihi, na kama bakuli la mwembe ni salama kwa chakula. Anaongeza kwamba michungwa miwili imekatwa pia, naye asingependa iishie kuwa kuni.

Ndugu msomaji, mwembe unafaa, tena unafaa vizuri, lakini ushauri wa kuliacha shina zima likauke kivulini nakuomba usiufuate. Fundi wako anasema kweli kwamba mbao mbichi haifai kwa samani, na katika kazi yake ya milango na meza mbao iliyokauka ndiyo inayompa heshima. Tatizo ni njia, kwa sababu gogo nene lenye gome lake halikauki ndani ya mwaka mmoja hata likilindwa vizuri. Linachofanya ni kupasuka ncha zote mbili, kuota ukungu na kuliwa na wadudu, na mwisho wa mwaka utakuta katikati bado pabichi ilhali kando hapana tena kipande cha kutosha bakuli.

Sababu yake inaeleweka ukipima maji yaliyomo ndani ya mti. Chukua kipande kidogo kutoka katikati ya shina, kiwe na uzito wa gramu 100, ukikaushe katika oveni yenye joto la nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito wake usipungue tena. Tuseme kimebaki gramu 60: maana yake ni kwamba kila gramu 60 za mti mkavu zilikuwa zimebeba gramu 40 za maji, yaani asilimia 67. Maji hayo yako ya namna mbili. Mengi yamo katika matundu ya mti, nayo yakitoka mti haubadili umbo hata kidogo. Yaliyobaki yameshikwa na kuta za nyuzi zenyewe, na ni pale unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi ndipo hayo yanapoanza kutoka na mti kuanza kusinyaa. Sasa fikiria gogo lako: ncha zake hupoteza maji mara kumi au zaidi kwa kasi kuliko ubavuni, kwa hiyo baada ya siku chache tu ncha zimeshuka chini ya kiwango hicho na zinataka kusinyaa, huku sentimita kumi ndani mti ukiwa bado umejaa maji na haukubali kusogea. Lazima kitu kiachie, na kinachoachia ni nyuzi.

Liko pia jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Mti hausinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu wake karibu hausinyai kabisa. Kutoka moyoni kuelekea kwenye gome husinyaa kwa kiasi. Na kwa kuufuata mzunguko wa pete zake husinyaa takriban mara mbili ya hapo. Kwa hiyo duara kamili lenye moyo wa mti katikati haliwezi kukauka bila kupata ufa, kwa maana mzingo unataka kupungua kuliko kipenyo kinavyoruhusu. Unaweza kulikausha polepole kadiri upendavyo, ufa utakuja tu. Dawa yake ni kuupasua mti katikati ya moyo na kuuondoa moyo wenyewe, na dawa hiyo hufanya kazi mti ukiwa mbichi, kabla ufa haujajichagulia njia yake.

Wazee wa pwani walilifahamu jambo hili kwa vitendo. Mafundi wa Unguja na Pemba wanaochonga ngalawa hupenda gogo la mwembe, na hulichonga likiwa bichi, wakalipunguza unene kwa shoka na tezo mpaka libaki gamba jembamba ambalo maji yake yanaweza kutoka bila kulipasua. Bakuli la kukereza linafuata kanuni ileile. Unautengeneza utupu kwanza, ndipo unakausha.

Basi kazi yako ya kwanza ni wiki hii, siyo mwakani. Kama shina bado halijakatwa vipande, liache zima mpaka siku utakayokuwa na msumeno, kwa sababu kila unapokata unafungua ncha mpya ya kupasuka. Lipakwe kwenye ncha zake leo hii: nta ya mishumaa iliyoyeyushwa ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, kamwe si moja kwa moja juu ya moto, au rangi ya mafuta iliyobaki nyumbani, ipakwe mara mbili. Upakaji huo uwe siku ileile ya kukata, maana nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho huanza ndani ya saa chache katika jua la Tanga. Kama ncha zimeshakaa wazi kwa wiki mbili au tatu, kata na kutupa sentimita tano, utazame uso mpya kwenye mwanga, na uendelee kukata vipande vyembamba hadi usione ufa.

Kabla ya msumeno kugusa shina, lichunguze kwa sumaku na kwa macho. Mwembe wa uwani huwa umepigiliwa misumari ya kamba za nguo, waya za redio na vibao vya matangazo kwa miaka mingi, na mti huvifunika vitu hivyo ndani kabisa. Doa la buluu iliyokoza au jeusi linaloonekana kwenye mkato mara nyingi ni dalili ya chuma kilicho karibu.

Kata shina kwa vipande vya sentimita 45, ili kila kimoja kiwe na ziada ya kupoteza pande zote mbili. Mita mbili zitakupa vipande vinne. Kila kipande kipasue kwa urefu kupitia moyo wake, halafu ondoa ubao mwembamba wenye moyo, wa sentimita mbili na nusu kutoka kila upande. Utapata nusu nane, na kila nusu itatoa bakuli moja kubwa la sentimita 30 au zaidi; yaani ndugu saba wametosheka na moja la akiba limebaki, jambo la busara kwa kuwa si kila kipande kitafika salama. Kadiria pia uzito: mita moja ya shina hilo likiwa bichi ina zaidi ya kilo 300, hivyo usijaribu kulihamisha kabla ya kulipasua. Ukikusudia kupeleka vipande mbali na kijiji, uliza kwanza ofisi ya serikali ya kijiji na wakala wa misitu TFS kuhusu kibali cha kusafirisha, kwa sababu anayekusimamisha barabarani hawezi kujua kwamba mti huo ulikuwa wa uwani kwenu.

Kuhusu panda, ningependa uitunze kuliko sehemu nyingine yoyote. Pale matawi mawili yanapokutana, nyuzi husukana na kubanana, na ukipasua katikati ya panda kwa msumeno unaopita kwenye mioyo yote mitatu, yaani wa shina na wa kila tawi, hutokea mchoro unaotawanyika kama unyoya. Ni mti mgumu kukausha, nao hupasuka upesi, kwa hiyo ipake nta uso wote na si ncha peke yake. Matawi yenyewe sikushauri uyatumie kwa bakuli. Tawi lililolala kwa miaka mingi hujenga nyuzi za mkazo upande wake wa juu ili kujishikilia, na mti wa namna hiyo hujikunja vibaya unapokauka na hubaki na manyoya hata ukikerezwa kwa chuma kikali.

Twende sasa kwenye kerezo. Elekeza mdomo wa bakuli upande wa moyo na tako upande wa gome, kwani umbo la nusu gogo linafuatana na umbo la bakuli na hupotezi mti mwingi. Kata pembe kwa msumeno mpaka kipande kikaribie duara, kifunge kwenye sahani ya chuma kwa skrubu nene zinazoingia upande utakaochimbwa, na anza kwa mwendo wa polepole. Kwa kipande cha sentimita 30 ambacho bado hakijalingana uzito, mizunguko 500 kwa dakika inatosha, na kama kerezo linatikisika hata kwa mwendo huo, punguza tena. Simama pembeni, si mbele ya kipande, unapowasha. Vaa ngao ya uso.

Mbao mbichi ya mwembe ni raha kuikereza. Bobari, yaani patasi yenye ukingo wa mviringo, ikinolewa vizuri hutoa maranda marefu yenye maji, na vumbi karibu hakuna. Nje ya bakuli kata kutoka takoni kuelekea mdomoni, ndani kata kutoka mdomoni kuelekea katikati, ili kila unyuzi unaokatwa uwe umeegemea mwingine nyuma yake. Hata hivyo mwembe una nyuzi zinazopishana, tabaka moja likiegemea huku na linalofuata likiegemea kule, na kwa hiyo katika kila mzunguko kutakuwa na sehemu zinazotaka kunyofoka. Hapo nguvu haisaidii; kinachosaidia ni kunoa tena, kuulaza ukingo wa bobari mshazari na kukata kidogo kidogo.

Acha ukuta wa bakuli uwe na unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo: bakuli la sentimita 30 libaki na ukuta wa sentimita tatu, na tako lisizidi unene huo. Unene huu una sababu yake. Bakuli litajikunja na kuwa yai linapokauka, na lazima ubaki na mti wa kutosha kulirudisha katika mviringo. Lakini ukiacha mnene zaidi, ukuta wenyewe utarudia tatizo la gogo, nje pakavu na ndani pabichi. Takoni acha kishikio cha duara ambacho utakinyoosha baadaye ili kulifunga tena. Iko njia nyingine, ya kulimaliza bakuli moja kwa moja likiwa bichi kwa ukuta wa milimita tano au sita na kuliacha lijikunje lenyewe. Linapendeza, na kwa panda huenda ningechagua hivyo, ila kwa bakuli la mezani la kila siku njia ya mara mbili ndiyo ya kuaminika.

Ukishakereza mara ya kwanza, paka nta kwenye mdomo na kwenye zile sehemu mbili za nje ambapo ncha za nyuzi zimefunguka, andika tarehe na uzito kwa penseli, kisha lifunike katika mfuko wa karatasi, ule wa saruji uliosafishwa unafaa sana, pamoja na maranda makavu kiasi. Yale mabichi yaliyotoka siku hiyo usiyatumie, yanaotesha ukungu. Weka mifuko mahali penye kivuli na hewa inayopita, juu ya sakafu, mbali na mchwa. Kila Ijumaa pima uzito kwa mizani ya dukani. Wiki za mwanzo uzito utashuka kwa kasi, baadaye taratibu, na ukiona haujabadilika kwa wiki tatu mfululizo, bakuli limekauka kwa kadiri hewa ya Muheza inavyoruhusu. Kwa ukuta wa sentimita tatu, miezi mitatu hadi minne mara nyingi inatosha. Kukausha wakati wa kaskazi kutakwenda haraka na kunahitaji kufunika zaidi. Wakati wa masika hakuendi, na ukungu ndio wa kuogopa. Zingatia pia kwamba hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na bakuli lililotulia Muheza litasinyaa tena kidogo likipelekwa kwa ndugu anayeishi Dodoma. Ukijua lipi linakwenda bara, liweke wiki kadhaa katika chumba kikavu kabla ya kulikereza mara ya mwisho.

Ukungu na wadudu nimeshavitaja mara kadhaa, na kwa mwembe havikwepeki kuzungumzwa. Mwembe una wanga mwingi katika sehemu yake ya nje na hauna kinga ya asili kama mpingo au mvule. Ukungu ukiuingia mapema hutia rangi ya kijivu na buluu, na ukiendelea huchora mistari myembamba myeusi pale kundi moja la ukungu linapokutana na jingine. Wakerezaji wengine huitafuta mistari hiyo kwa makusudi, na kweli ni mizuri juu ya manjano ya mwembe. Ukiitaka, acha nusu moja tu chini ya kivuli yenye unyevu kwa majuma machache, na uibonyeze kwa ukucha mara kwa mara. Inapoanza kulainika imepita wakati. Ukungu hausitawi tena mti ukishuka chini ya asilimia 20 ya unyevu, hivyo bakuli lililokauka halitaendelea kuoza. Wadudu wanaobungua mbao ni wasumbufu zaidi, kwa sababu hula hata mbao kavu na unawagundua kwa unga laini unaodondoka. Bakuli la chakula sipendi litiwe sumu. Tumia joto: kiwango cha kimataifa cha mbao za vifungashio hutaka katikati ya mbao pafikie nyuzi 56 kwa dakika 30, na bakuli lililokauka kabisa linaweza kupewa joto hilo katika oveni iliyowekwa nyuzi 60 kwa saa chache.

Tahadhari moja ya afya naiomba uichukulie kwa uzito wote. Mwembe ni wa jamii moja na mkorosho, na utomvu wake huunguza ngozi za watu wengine. Wachumaji wa maembe wanaujua mlipuko wa vipele unaotokana nao. Kereza mti mbichi ukiwa umevaa mikono mirefu iliyobana, usivae glavu mbele ya chombo kinachozunguka, na unawe kwa sabuni mara unapomaliza. Ukiwashwa macho au ukivimba, acha kazi hiyo na mwachie rafiki yako. Vumbi la kupiga msasa ni hatari kwa kila mtu, kwani tangu mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani, IARC, limeliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Barakoa ya vumbi ni sehemu ya zana, sawa na bobari.

Kuhusu chakula, bakuli likishakauka na kukerezwa mara ya pili, likapigwa msasa kutoka namba 80 hadi 320, ni salama kwa matunda, mkate, karanga na saladi. Silipendekezi kwa mchuzi wa moto wala kwa kulowekwa. Wengi watakwambia upake mafuta ya nazi kwa kuwa yapo jikoni. Yanang'arisha siku hiyo, lakini hayakauki kamwe ndani ya mti, na baada ya muda huchacha. Mafuta ya kitani yasiyochanganywa na kemikali za kukausha hushika na kuwa ngozi ngumu, yakipakwa mara tatu au nne kwa tabaka jembamba na kuachwa siku kadhaa kila mara, halafu nta ya nyuki juu yake. Vitambaa ulivyotumia kwa mafuta hayo usivirundike: vikijikunja pamoja hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke au vitie ndani ya maji.

Jambo la thamani ya mti huu nimeliacha mpaka hapa kwa sababu fundi wako huenda atakwambia kwamba mwembe ni mti wa kuni. Katika miaka ya 1990, mpango wa People and Plants wa WWF, UNESCO na bustani ya Kew ya Uingereza uliwahimiza wachongaji wa Kenya waache kutegemea mpingo na muhuhu, iliyokuwa ikipungua misituni, watumie mwembe, mwarobaini na mjakaranda inayopandwa na wakulima. Mwembe uliomaliza kuzaa unapatikana bila kumaliza msitu wowote, na mbao yake, yenye uzito wa kilo 600 hadi 700 kwa mita ya ujazo ikiwa kavu, inatosha kabisa kwa chombo cha kudumu ndani ya nyumba. Nje, kwenye mvua na mchwa, haidumu.

Michungwa yako usiichome. Mbao yake ni ngumu, ya manjano hafifu, yenye nyuzi laini mno, na hupokea mng'aro kuliko mwembe. Kwa kuwa mashina ni membamba, huwezi kuepuka moyo ukitaka bakuli, kwa hiyo yapasue mara moja katikati, paka ncha nta, na uyaweke juu ya vijiti kivulini. Katika unene huo, yakiwa yamepasuliwa, yatakauka vizuri kwa miezi sita hadi mwaka. Kutokana nayo kereza vishikio vya patasi, michi midogo ya kutwangia viungo, na miguu ya kigoda.